Sauti ya Kinu Kitupu

Kinu kitupu hulia kivyake, rafiki yangu. Kama hujawahi kutwanga hutanielewa mara moja, kwa hiyo nivumilie kidogo. Kinu chenye mihogo ndani husema kwa sauti nene, iliyozibwa, kama mtu anayeongea huku chakula kimejaa mdomoni. Kinu kitupu hupiga kelele kavu, mti kwa mti, na kelele hiyo huruka juu ya nyua hadi mwisho wa mtaa. Niliisikia asubuhi moja nilipokuwa nashuka kwenye pikipiki mwanzoni mwa mtaa wetu wa zamani, kule Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga, Kongo, na miguu ikagoma kuendelea. Nilikuwa sijaukanyaga mtaa ule tangu nilipokuwa mtoto wa shule ya msingi, siku tulipotolewa kwa mawe.

Sikurudi kwa upendo. Afadhali ulijue hilo mapema, maana watu wakisimulia walikozaliwa hulainisha sauti kana kwamba wanambembeleza mtoto. Mimi nilirudi na chuki yangu nimeifunga vizuri, kama mtu anavyofunga chakula cha safari. Begani nilibeba detekta, kifaa cha kusikia chuma kilichofichwa ardhini, nilichokuwa nimekiunda kwa mikono yangu. Nilikuja kutafuta kitu kimoja tu: mashini ya kushona ya bibi yangu, ambayo tuliifukia uani kabla ya kufukuzwa.

Acha nikueleze jinsi nilivyoingia kwenye mchezo huu wa detekta, pengine nawe utapenda kujaribu. Naishi Mwene-Ditu, upande wa Kasai, na kazi yangu ni kutengeneza redio na simu kibandani. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kuharibu. Siku moja redio ndogo ilikuwa wazi mezani, imewashwa, na nilipoisogeza karibu na kikokotoo ikaanza kuimba. Nikapitisha bisibisi katikati yake, na wimbo ukabadilika. Nilikaa pale nikiipitisha na kuirudisha mpaka mteja akauliza kama niko mzima. Nilikuwa nimegundua kwamba chuma kinaweza kusikika bila kuonekana.

Nikatoa waya wa shaba kwenye feni iliyoungua, nikauzungusha kwenye mfuniko wa ndoo, nikafunga mfuniko kwenye mpini wa ufagio. Nilipomaliza nikaona uzi mmoja umepanda juu ya mwenzake, nikafungua wote nikaanza upya. Nikafungua tena. Mimi ndivyo nilivyo. Kosa dogo ambalo hakuna mwingine analiona linaweza kuniumiza tumbo siku nzima. Mama aliniambia nitazeeka nikizungusha waya.

Ukitaka kuanza, anza kwenye ua unaoujua. Fukia kitu chako mwenyewe, ujifunze sauti yake kabla ya kwenda kutafuta vya wengine. Pitisha kifaa polepole, sambamba na ardhi, wala usikiinue mwishoni kama mtu anayefyeka majani. Chimba kila kinacholia hata ukiwa na hakika ni kizibo cha chupa, kwa sababu masikio mageni hudanganya. Na ukishachimba, ziba shimo lako. Mimi nilifukia kitu kidogo kinachoitwa nyumba ya bobini, kile kikopo cha chuma kinachoshika uzi wa chini kwenye mashini ya kushona. Nilikifukia na kukifukua mpaka nikaweza kukitofautisha na msumari nikiwa nimefumba macho. Kilikuwa cha mashini ya bibi. Utaelewa baadaye kwa nini tulikuwa nacho wakati mashini yenyewe hatukuwa nayo.

Lakini ukweli ni kwamba mchezo huu niliuanza zamani, mtaani kule, bila redio wala waya. Baba alikuwa fundi katika karakana ya kampuni ya migodi, na alituletea sumaku aliyoitoa kwenye spika iliyopasuka. Wavulana walisema sumaku si kitu cha msichana. Niliifunga kamba nikawa naiburuta nyuma yangu popote nilipotumwa, dukani, bombani, kanisani hata. Ilirudi na ndevu za chuma: misumari, nati, vipande vya waya, mavumbi meusi yaliyosimama kama nywele za mtu aliyeogopa. Vijiwe vya kijani vya shaba iliviruka tu. Hilo lilinikasirisha, kwa kuwa vilikuwa vizuri kuliko vyote. Baba alicheka akaniambia sumaku ina chuki zake.

Asubuhi ilianza kwa king'ora cha kampuni. Kilipolia, mtaa mzima ulitikisika kwa vifuniko vya masufuria na viatu vizito vya kazi. Kilipolia tena mchana, tulijua baba zetu wako njiani na mikono ya wanawake ikawa na haraka. Katikati ya ving'ora viwili kulikuwa na mashini ya bibi. Kaku, ndivyo tulivyomwita bibi, alishona sare za shule, mashati meupe na sketi za buluu, na gurudumu lake lilisema kwa sauti ndogo isiyochoka. Mimi niliokota vitufe na kutunga uzi kwenye sindano, maana macho yake yalikuwa yameanza kumkimbia. Mshono ukipinda kidogo aliufumua wote. "Kilichopinda kinaonekana kanisani," alikuwa akisema. Sasa unajua nilipoupata ugonjwa wangu.

Na kulikuwa na kinu. Kilikuwa cha bibi, lakini kilisimama mpakani, kati ya ua wetu na ua wa mama jirani, kwa sababu kilitumiwa na wote. Mama jirani alitoka kaskazini ya Katanga, sisi ni watu wa Kasai, babu zetu waliletwa kufanya kazi migodini. Utotoni sikujua kama hilo ni jambo. Nilichojua ni kwamba majani ya muhogo bibi aliyaita matamba na mama jirani aliyaita sombe, na kila siku walibishana ni nani anayeyaharibu kwa mafuta mengi. Walitwanga pamoja, michi miwili kwenye kinu kimoja, mmoja akishuka mwingine anapanda. Wakicheka hawakupoteza hesabu. Nilipofikisha umri wa kuweza kuinua mchi, mama jirani ndiye aliyenifundisha kuingia katikati ya mapigo bila kugonga mchi wa mwenzangu. Aliniambia nisitazame mikono, nisikilize. Jioni tulikula bukari, ugali wetu wa muhogo, mbele ya mlango, na sahani ikavuka mpaka ikiwa na dagaa, ikarudi ikiwa na viwavi vya kukaanga. Viwavi vile, vya chumvi, vikilia menoni. Nawachukia watu wale mpaka leo, lakini mdomo wangu hauna habari.

Halafu kampuni ikaanza kufa. Haikufa siku moja. Kwanza sukari ilitoweka kwenye posho, kisha samaki, kisha unga. Mishahara ikachelewa, ikasahauliwa. King'ora kikawa kinalia siku nyingine na siku nyingine hakilii, na siku kilipokoma kabisa wanawake waliendelea kutazama juu mchana, kama watu wanaosubiri mvua. Njaa ilipoingia, ikatafutwa sababu, na sababu ikawa sisi. Tukaitwa bilulu, wadudu. Wadudu wamekula kampuni, wadudu warudi kwao. Maneno yalitoka kwenye redio, yakatoka kwenye midomo ya watu wazima, yakafika shuleni. Mwalimu wetu, ambaye shati lake lilishonwa na bibi yangu, alituhamishia viti vya nyuma sisi wenye majina ya Kasai. Baadaye akaacha kutuita majina asubuhi. Nilinyoosha mkono kujibu maswali mpaka bega likauma. Nilikuwa najua majibu yote. Bado nayajua.

Nyumba zikaanza kuchomwa upande wa pili wa mji, na sisi tukajua zamu yetu inakuja. Mtu anayefukuzwa hubeba kidogo. Kwa hiyo watu wetu walifukia vitu vyao: masufuria, pasi za mkaa, vyombo vya kazi, wakiamini hasira itapita nao watarudi. Lakini wezi walilijua hilo haraka. Familia ikishaondoka, vijana waliingia uani na ndoo za maji wakamwaga kila mahali. Ardhi iliyochimbwa karibuni hunywa maji upesi kuliko jirani yake. Pale maji yalipozama, ndipo walipochimba.

Bibi aliwaza siku mbili nzima, akasogeza kinu. Yeye na baba walichimba pale pale kilipokuwa, wakaishusha mashini ikiwa imepakwa mafuta na kufungwa kwenye koti la mvua la kazini. Kabla ya kuifunga alichomoa nyumba ya bobini akaitia kwenye pindo la kitenge chake. Yeyote atakayeiiba, alisema, hatashona nayo hata kitambaa cha pua. Udongo ukarudishwa, kinu kikarudishwa juu yake. Kisha tukaanza kutwanga, ili ardhi ikaze kama ilivyokuwa tangu zamani. Bibi na mimi, asubuhi hadi jioni, tukatwanga kinu ambacho hakikuwa na kitu ndani. Mikono ilitoka malengelenge. Nilipouliza kwa nini tusitie hata makapi, bibi alinitazama kama mtu aliyesahau kuzima moto nyumbani. Haikuwa imemjia akilini.

Mama jirani alitokea mpakani, mikono kiunoni.

"Ni unga ya safari?" akauliza.

"Ya safari," bibi akajibu.

"Munatwanga sana."

"Njia iko mrefu, mama."

Alisimama kidogo, akatutazama mimi na bibi na kinu. Hakuchukua mchi wake. Akarudi ndani. Sikulielewa jambo lile wakati ule.

Walipokuja, walikuja mchana, wakiimba. Jiwe la kwanza lilipiga bati. La pili lilimpata bibi kwenye kifundo cha mguu, na tangu siku hiyo alitembea kama mtu anayekwepa dimbwi. Tulitoka na vifurushi vyetu, tukapita mbele ya mlango wa mama jirani. Ulikuwa umefungwa. Moshi ulikuwa ukitoka jikoni kwake, nikasikia harufu ya sombe, nikajua yuko ndani, anapika. Bibi alisimama pale. Aliusubiri ule mlango huku mawe yakianguka. Baba alimvuta.

Tulilala kituo cha treni kwa majuma mengi, tukipika kando ya reli, tukizika watoto wa wengine. Treni ilipotufikisha Kasai, watu wa kule walicheka Kiswahili chetu na kutuita watu wa Katanga. Hakuna upande uliotuhitaji. Bibi alishona kwa mkono mpaka alipokufa, na kila mgeni aliambiwa: mimi nina mashini, iko Kolwezi, chini ya kinu. Alisema hivyo kama wengine wanavyosema wana mtoto Ulaya. Alipokufa tulikuta nyumba ya bobini kwenye pindo la kitenge, imeng'aa kwa kushikwashikwa.

Ndiyo maana nilipousikia ule mlio asubuhi ile niliganda. Nilijua mtu yeyote mwenye akili hatwangi kinu kitupu isipokuwa amefukia kitu.

Mtaa sikuutambua. Nyumba nyingi zilikuwa zimebomolewa, na kwenye kuta zilizobaki kulikuwa na namba za rangi nyekundu. Chini ya nyumba zile yamegunduliwa madini, na wakazi wote wanatakiwa kuondoka ili ardhi izungushiwe ukuta. Nikatembea katikati ya magofu yale, na hapa nakuambia kile ambacho sikumwambia hata mama: nilifurahi. Nilisoma zile namba moja baada ya nyingine kama mtu anayesoma barua nzuri. Sasa nyinyi, niliwaza. Sasa fungeni vifurushi vyenu.

Kwetu hapakuwa na nyumba. Palikuwa na shimo. Wachimbaji walikuwa wameingia chini kwa chini kutoka ua hadi ua, na mahali nilipotunga uzi kwenye sindano palikuwa na mdomo mweusi uliozungushiwa magunia. Nilizunguka ukingoni na detekta, vipokea sauti masikioni. Ililia. Nikasogea, ikalia. Nikasogea tena, ikalia vile vile. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kosa isipokuwa hilo: udongo wa kule wenyewe una chuma, na njia zimetandazwa mabaki ya tanuru. Mji mzima ulikuwa unanipigia kelele masikioni. Nilikuja kutafuta sauti moja mahali ambapo kila kitu kinalia.

Vijana wawili wa shimoni, weupe kwa vumbi, walikuwa wamekaa kwenye magunia wakinitazama.

"Mama," mmoja akaniita, "unapiga udongo pasi?"

"Muache," mwenzake akasema. "Anatafuta bwana. Balimwambia iko mingi chini kule."

"Hii ni ya kusikia chuma," nikawaambia.

"Basi utasikia mpaka uwe kiziwi. Chimba, tuone."

Nikachimba, kwa kuwa sheria yangu ni kuchimba kila kinacholia. Nikatoa kizibo cha bia. Nikachimba tena nikatoa jiwe jeusi la tanuru. Walicheka wakapigana mabega. Nikaziba mashimo yangu na hilo ndilo lililowachekesha zaidi: mwanamke anaziba tundu la kizibo, ukingoni mwa shimo linaloweza kumeza lori.

"Eko na masomo huyu," mmoja akasema.

Kinu hakikuwa kimenyamaza muda wote huo. Nikaufuata mlio. Ua wa mama jirani ulikuwa bado una nyumba, nayo ilikuwa na namba yake. Katikati ya ua, peke yake, mwanamke mzee alikuwa akiinua mchi na kuuangusha. Kinu nilikitambua kabla yake. Kilikuwa na alama ya moto mdomoni, pale mimi mwenyewe nilipoegemeza kaa la jiko nikiwa mdogo.

Hakuacha kutwanga. "Nakujua," akasema. "Weye njo mujukulu wa mama mushonaji. Uko na macho yake."

"Ndiyo, mama."

"Yee eko?"

"Alikufa."

Mchi ukashuka, ukapanda. "Mungu amupokee. Ulikuya kuangalia shimo?"

"Nilikuja kuchukua mashini yake."

"Ah." Akapumzika, akaegemea mchi kama fimbo. "Ile niliitosha mu udongo zamani. Mwezi ile ile mulienda. Ulifikiri mi niko kiziwi? Kinu mutupu, siku mzima. Mwanamuke gani hasikie?"

Nilikuwa nimepanga maneno kwa miaka mingi, nimeyarekebisha, nimeyanyoosha. Yote yakatoka kwa mpigo. "Kwa hiyo uliiba."

"Mushahara ilikuwa imekwisha. Bwana yangu alikuwa analala mu kitanda anaangalia bati. Mashini iko mu udongo inaoza, mi niko na batoto bane. Ulitaka ioze?"

"Nilitaka ufungue mlango."

"Mulango gani?"

"Ile siku. Ulikuwa unapika sombe. Kaku alisimama hapo akikusubiri na mguu unatoka damu."

Sikuona aibu usoni kwake, nilitafuta sana. "Ningefungua," akasema, "bangeingia na kwangu."

"Hukufungua. Waliingia?"

"Apana."

"Basi."

"Basi njo ile," akasema. "Mulango ya kufunga ilinisaidia. Nikudanganye juu ya nini?"

Akaniambia kwamba anangoja mtoto wake aje na gari kumpeleka Lubudi, na kwamba ameshona na mashini ile miaka yote hii, sare za shule, nguo za ndoa, sanda. Jambo moja tu lilimsumbua: alipoichimbua ilikuwa haina nyumba ya bobini. Alitafuta nyingine soko zima, mpaka Fungurume, akaletewa ya mashini tofauti. "Inaingia, lakini inakata uzi. Mpaka leo. Kila mushono nasema, ule mama alinifunga." Akacheka kidogo, bila furaha. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, na ndani ya mkono ule kulikuwa na kikopo cha chuma chenye joto la mwili wangu.

Nikawasha detekta nikaipitisha kuzunguka kinu. Chini ya kelele za udongo, chini kabisa, kulikuwa na sauti nyingine, nzito, isiyotetereka. Hata mwanagenzi kama mimi angeitambua. Niliinua macho na mama jirani alikuwa ananitazama. Mashini ilikuwa pale. Sasa na yeye alikuwa anafukuzwa, nyumba za jirani zilikuwa tupu, wezi walikuwa wanazunguka, na alikuwa ameirudisha ardhini, chini ya kinu kile kile, akingoja gari la mtoto wake. Hakuwa na lingine la kuiga isipokuwa la bibi yangu. Na kama bibi yangu, alikuwa amesahau kutia hata makapi.

"Mama ya pasi," sauti ikasema nyuma yangu. Wale vijana wawili walikuwa wamenifuata, mmoja ameshika sururu. "Pitisha hapa pia. Huyu muzee anatwanga tangu jana, na bukari yake hatujaona. Iko kitu?"

Vidole vya mama jirani vilikaza kwenye mchi.

Ningeweza kusema ndiyo. Wangechimba kwa dakika chache, na mashini ingetoka, na ingekuwa yao. Pale kitu kinachotoka ardhini ni cha mwenye nguvu. Asingekuwa nayo yeye wala mimi. Nilikiri furaha yangu ya asubuhi, kwa hiyo nikiri na hii: nililifikiria. Lilikuwa mdomoni, tamu kama sukari ya posho.

"Kizibo," nikasema. "Huku kote inalia. Si mliona?"

"Na kutwanga kote huku?"

Niliweka detekta chini. Mchi wa pili ulikuwa umeegemea ukuta, nikauchukua. Kulikuwa na ungo wenye mihogo mikavu karibu na mlango, nikamimina yote kinuni, na mlio ukageuka hapo hapo, ukawa mnene, ukawa wa chakula. Yeye akashuka, mimi nikapanda. Sikutazama mikono. Vijana walisimama kidogo wakitutazama wanawake wawili tunatwanga, kitu ambacho hakijawahi kumvutia kijana yeyote, kisha wakarudi shimoni kwao.

"Pole pole," mama jirani akasema. "Unatwanga kama mutu mwenye kasirani."

"Niko na kasirani, mama."

"Sawa. Lakini usivunje kinu."

Tulitwanga mpaka unga ukawa laini. Aliuchekecha, akanifungia kiasi kwenye karatasi, nikaupokea kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa. Hakuniomba msamaha. Hakuniambia mashini ni yangu. Nami sikumpa nyumba ya bobini. Nilikuwa nayo mfukoni muda wote, hatua moja kutoka kwake, na nikaondoka nayo.

Nasikia ukuta umeshajengwa. Mtaa wetu haupo, ua haupo, hata udongo wake umepakiwa kwenye malori ukaenda. Sijui kama mtoto wake aliwahi kufika na gari. Ikiwa alifika, mashini ya bibi iko Lubudi, inashona na kukata uzi. Kimepotea king'ora, kimepotea kile kinu chenye alama ya moto, na hakuna tena jirani anayeweza kumsikia mwenzake akitwanga akajua kuna nini ndani. Wageni wanaponiuliza habari za kule nawaambia palikuwa na viwavi vitamu.

Jumapili mchana, kibanda kikiwa kimefungwa, nafanya mchezo wangu uani. Naifukia nyumba ya bobini, nazunguka mara kadhaa nikiwa nimefumba macho ili nisahau nilipoiweka, kisha naitafuta. Udongo wa huku ni kimya. Inalia mara moja tu, kwa sauti safi, nami napiga magoti nachimba kwa vidole. Nikishaitoa, naziba shimo.